Foleni Isiyojua Nani Anaisikiliza

6 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nakuamkia kwa karatasi kwa sababu simu umenikataza. Baba analalamika kwamba hata yeye siku hizi ukimpigia ni maneno mawili tu, mzima, wazima, halafu unakata. Mimi nimekubali masharti yako: mambo ya kazi ni kwa barua, maana kwenye simu mtu hujibu kabla hajafikiri. Haya, mwalimu, umesikika.

Huku hatujambo. Goti la Baba limeanza visa vyake tena. Asubuhi linamtii, jioni linamgomea. Mama ameupaka mlango wa jikoni rangi ya kijani, na hataki mtu auguse ingawa umeshakauka siku nyingi, kwa hiyo tunapita kwa mgongo kama wezi. Mdogo wangu wa mwisho amefaulu mitihani na sasa hatuna raha ndani ya nyumba, kila neno anatusahihisha.

Sasa la moyoni. Shangazi, wameniondoa kwenye meza ya kupokea simu za malalamiko. Mkuu wetu, yule tunayemwita Kobe kwa sababu hakuna moto wa kumkimbiza, aliniita akaniambia nitajaribiwa kwenye meza ya wasanifu. Kazi niliyopewa ni programu mpya ya kuita wagonjwa hospitalini. Mgonjwa anafika, anapewa namba, anakaa, kisha namba yake inatokea ubaoni na chumba cha kuingia. Nikiiweza, nabaki. Nikishindwa, narudi kuambiwa na wateja kwamba sina akili.

Tena wametupa masomo. Ndiyo yanayoninyima usingizi, kwa uzuri. Mimi nilidhani kuandika programu ni kuandika tu, ikienda imeenda. Kumbe kuna ruwaza. Wewe unazijua, lakini niache niseme, maana hapa sina wa kumwambia. Eti watu waliokuwa mbali, hawajuani, kila mmoja na kazi yake, huyu anapanga treni, yule anapanga dawa, wamekutana na shida ileile na wakafikia umbo lilelile la kuitatua. Mwalimu wetu alipolichora ubaoni la kwanza, nikakumbuka nilishawahi kulifanya mwenyewe, vibaya, bila kujua lina jina. Mwili ulinisisimka. Nilijiona kama mtu aliyeambiwa kwamba njia anayopita kila siku nyuma ya nyumba ina watu waliopita kabla yake, na waliweka mawe ya kukanyagia.

Nimeshaanza. Programu yangu ina kiwanda cha kuzalisha namba, ina wakala, ina mapambo, ina wasikilizaji, yote majina ya ruwaza tulizofundishwa, sijaacha kitu. Nakutumia mchoro wake, masanduku na mishale, kila rangi na maana yake. Ukiukunjua unajaa meza. Uuangalie, unikosoe bila huruma.

Mwanao,
Kidomo


27 Februari

Kidomo mwanangu,

Marahaba, na salamu zako zimenifika zikiwa moto. Usinilaumu kwa kukawia, posta ya huku nayo ina kobe wake. Mimi nipo. Maua ya dirishani yananitesa, nikiyamwagilia yanalala, nikiyaacha yanalala. Jirani yangu Dobi amepata pasi mpya inayotoa mvuke na anapiga pasi hata vitambaa vya kufutia vumbi, mradi aione ikipumua. Mwambie baba yako goti halitaki kubembelezwa, linataka kutembezwa. Mwambie na mama yako kijani kimempendeza.

Nimefurahi kuhusu meza yako mpya kuliko ninavyoweza kuandika. Nilipoanza kazi hii hatukuwa na meza ya wasanifu. Tulikuwa na chumba kimoja chenye baridi, mashine kubwa kuliko kabati la nguo, na mzee mmoja aliyetuambia tukae kimya isije ikakosea.

Mchoro wako nimeupokea. Usinichoree tena.

Usinune. Nisikilize kwanza. Masanduku na mishale humfichia mtu mengi. Unavuta mshale kutoka hapa kwenda pale na unajiona umesema kitu, kumbe hujasema. Nataka unieleze programu yako kwa maneno, kama vile mimi niko chumba cha pili, nakusikia tu, sikuoni. Anza na jambo dogo: mgonjwa mmoja anaitwa. Nani anamwambia nani? Na hasa hili ulijibu vizuri: foleni yako inamjua nani? Kila jina inalolijua ni kamba imefungwa mguuni. Nihesabie kamba zake.

Usiniandikie mpaka uweze kuieleza bila kushika kalamu ya rangi.

Shangazi yako


15 Machi

Shangazi,

Shikamoo, na moyo wangu umenyongea. Nilikununia siku nzima. Nilimwambia Baba kwamba nimechora wiki mbili na wewe umenijibu kwa mstari mmoja. Baba akacheka akasema ndivyo ulivyo, hata utotoni ulimrudishia zawadi ya mwanasesere kwa sababu mkono haukugeuka.

Halafu nikajaribu. Nilikaa kwenye ngazi za nyuma za ofisi, pale tunapokulia, nikamshika mfagizi wetu nikamwomba anisikilize, huku nimeweka mikono mfukoni. Nikasema, mgonjwa anaitwa, foleni inauambia ubao, ubao unaiambia kaunta, kaunta inaiambia foleni. Mfagizi akaniuliza, "Halafu foleni inauambia tena ubao?" Nikatoa mikono mfukoni. Jibu lilikuwa ndiyo.

Na hicho ndicho kilichotokea, Shangazi, na ndiyo aibu ninayokuletea. Siku mbili kabla tuliijaribu programu yangu pale ofisini. Tuliwapa watu namba, tukawakalisha kwenye korido kama wagonjwa. Nikabonyeza kumwita wa kwanza. Ubao ukamwita wa kwanza, kisha wa pili, wa tatu, wote, ukamaliza ukaanza upya, na kila mahali palipokuwa na kengele kengele zikalia. Mhasibu aliinuka akakaa akainuka mpaka viatu vikamvuka. Kobe alisimama mlangoni na kikombe chake. Nilijua kuna kosa, ila kwenye mchoro sikuliona, maana mishale ile mitatu nilikuwa nimeipaka rangi tatu nzuri tofauti. Nilipoisema kwa mdomo ndipo nikaisikia inazunguka.

Ulijuaje? Hukuniambia kosa liko wapi. Uliniambia tu niseme kwa maneno, na kosa likajileta lenyewe. Mpaka sasa nashangaa.

Kamba nimezihesabu. Foleni yangu inaujua ubao, inaijua rangi ya ubao, inajua ubao una mistari mingapi, inaijua kaunta, inamjua hata mpambaji. Imefungwa kama kifurushi. Nilikuwa nimetumia kila ruwaza niliyofundishwa, Shangazi, kama mtu aliyevaa nguo zake zote siku moja ili watu wajue anazo.

Nifundishe kuivua. Na uandike ukiwa umekaa, tafadhali. Barua yako mistari inapandana, wa tatu umelala juu ya wa pili. Uliiandikia ndani ya gari?

Mwanao,
Kidomo


20 Aprili

Kidomo,

Ukiona mwandiko mgeni usishtuke. Nilijigonga mlangoni, mkono ukavimba kidogo, kwa hiyo Dobi ananiandikia. Mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu, na ananyoosha mistari kama mashati. Nimekawia kwa sababu hiyo tu. Hakuna jambo. Baba yako umwambie hivyohivyo, hakuna jambo.

Nimecheka sana juu ya mhasibu. Dobi alishindwa kuendelea kusoma, ikabidi tungoje. Sasa naye ameshikwa na ugonjwa wako, kila asubuhi ananiuliza kama foleni imefunguliwa kamba.

Sikia. Hapa kwetu maji ya bomba hayaji siku zote. Yakija, yeyote aliye karibu na bomba la uani anagonga ndoo. Basi, kazi yake imekwisha. Hagongi mlango wa mtu, hajui nani yupo nani hayupo. Mama wa ghorofani akisikia anashuka na madumu. Dobi akisikia analoweka. Fundi wa baiskeli akisikia anaendelea kulala, kwa sababu pipa lake limejaa. Akihamia mtu mpya leo, anahitaji kitu kimoja tu, masikio. Hakuna anayekwenda kulifundisha bomba kwamba kuna mpangaji mpya.

Foleni yako na igonge ndoo. Iseme namba fulani, chumba fulani, inyamaze. Anayetaka kusikiliza afunge nayo mkataba mmoja mfupi: mimi ninayo masikio ya kusikia namba na chumba. Ubao usikilize. Kaunta isikilize. Wala asiyesikiliza asiigombeze foleni. Miaka nimefundisha jambo hili, na bado kila nikilisema linanishangaza. Kitu kinasema bila kujua nani anakisikia, na kwa sababu hakijui, hata asiyezaliwa bado ameshaandaliwa mahali.

Na swali jingine. Mtu akiitwa asiinuke, nani anaamua kwamba namba yake imepita?

Nauliza kwa sababu ya jirani yangu mmoja. Huyo anahudhuria kliniki ya macho. Daktari anataka kumpasua jicho lililobaki na nguvu, kabla halijamfuata mwenzake. Siku yake ilipofika alikwenda mapema, akapewa namba, wakamtia matone yale yanayofungua mboni mpaka taa inakuwa moshi, wakamwambia akae aangalie ubao. Akakaa. Akaangalia. Watu wakaisha mmoja mmoja. Mwisho akaenda dirishani kuuliza, na binti wa dirishani akamwambia, "Namba yako ilishapita, mama. Ulikuwa huangalii?"

Alikuwa anaangalia, Kidomo. Siku nzima alikuwa anaangalia.

Wamempa tarehe nyingine mwezi wa sita. Daktari amemwambia akiikosa na hiyo, kilichobaki hakitamngoja. Basi mimi nikakaa nikawaza, ni mtu gani aliyesanifu programu ya kuwaita wagonjwa wa macho kwa kuwaandikia namba ukutani? Nikakukumbuka wewe. Sisemi ni wewe. Nakuuliza tu yako itawekwa kliniki gani.

Shangazi yako,
kwa mkono wa Dobi


4 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Pole ya mkono. Nyumbani wote wazima, sitakuchosha leo kwa habari zao, maana nina jambo limenikaa kooni.

Ni sisi. Ubao wa kliniki ya macho ya huko kwenu ni wetu. Nimekwenda kwenye kabati la kazi za zamani nikaikuta programu yenyewe, iliandikwa kabla sijaajiriwa, na aliyeiandika alishaondoka. Nimeisoma yote. Unauliza nani anaamua namba imepita. Ubao ndio unaamua, Shangazi. Ubao una nafasi chache za namba. Ikiingia mpya chini, ya juu inafutwa, na ikifutwa ubao unaiambia foleni huyo ameshapita. Mtu anaondolewa kwenye haki yake kwa sababu ukuta umejaa. Hakuna aliyekusudia. Ni kazi imewekwa mikononi mwa asiyestahili kuishika. Nilifunga kompyuta nikatoka nje kidogo.

Nikamfuata Kobe. Akasema anajua, waliwahi kujaribu kuitia sauti programu ile wakashindwa, kwa sababu foleni na ubao vimegandana, ukivuta hiki kinakuja na kile. Hii yangu mpya ilipangwa kuanzia kliniki ya meno, mwezi wa nane. Nikamwomba ianzie macho, mwezi wa sita, mwanzoni. Akanywa kwanza kikombe chake kizima. Kisha akasema kama naahidi, basi, lakini ikizunguka kule kama ilivyozunguka hapa, asinione tena kwenye meza ile. Nimeahidi.

Nikavunja kila kitu. Nimemtupa wakala, nimeyatupa mapambo. Kimebaki kidogo mpaka naona haya kuwaonyesha watu. Foleni inagonga ndoo. Ubao unasikiliza kwa ule mkataba wako mfupi. Kungoja nako nimekutoa ubaoni nikakufanya kitu cha peke yake: kliniki ya meno ina namna yake ya kungoja, ya macho ina namna yake, ndefu, ya kuita tena na tena, na unabadilisha namna moja kwa nyingine kama unavyobadilisha betri ya tochi. Foleni haijui imewekewa ipi. Inauliza tu, tumngoje bado? Inajibiwa.

Kisha ikaja siku ya kutia sauti. Hapa ndipo nataka ukae vizuri. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Nikaandika kitu kipya, spika, nikakifungisha mkataba uleule, mimi ninayo masikio ya kusikia namba na chumba. Nikakiunga. Nikamwita mgonjwa wa majaribio, na chumba kizima kikasikia. Nilirudi kuifungua foleni nione nilichobadilisha. Sikuwa nimebadilisha hata nukta moja. Ilikuwa vilevile kama nilivyoiacha, haina habari kwamba imepata mdomo. Niliondoa mikono kwenye vibonye nikaiweka mapajani. Kulikuwa na nafasi pale tangu mwanzo, Shangazi, niliiacha mwenyewe kwa kukusikiliza wewe, bila kujua ni ya nani. Sijui kuswali kwa maneno mazuri, lakini wakati ule ningeyajua ningeyasema.

Sasa huyo jirani yako. Nitajie tarehe yake kamili, niihakikishe. Jina pia, ukipenda. Baba anasema anayajua majengo yenu, kwamba upande wako mmoja ni Dobi na wa pili ni stoo ya matairi. Nimemwambia labda amehamia mtu.

Sikuulizi zaidi.

Kidomo


28 Mei

Kidomo mwanangu,

Salamu kwa wote. Mkono unaendelea vizuri, ila Dobi amezoea kuniandikia na sitaki kumnyima. Maua yamekufa, nimeyatoa, chumba kimepata nafasi.

Jirani anasema tarehe yake ni kumi na nane Juni. Jina halina haja. Foleni haihitaji kulijua.

Barua yako nimesomewa mara mbili. Pale kwenye spika nilimwomba Dobi arudie mara ya tatu. Nilipokuwa na wanafunzi, nilikuwa nikiwaambia kwamba siku moja watafungua kazi yao wakute haikuguswa, na siku hiyo watanielewa. Wengi waliandika nilichosema wakaenda zao. Wewe umefika. Sina la kuongeza kwenye usanifu wako, na unajua mimi si mtu wa kukosa la kuongeza.

La utu ninalo. Usiruhusu sauti iwe na haraka. Mtu asiyeona vizuri akisikia namba yake, kwanza anatafuta kiti kiliko chini yake, kisha mlango uliko mbele yake. Akiitwa mara moja kwa ukali anaanguka. Na atajwe chumba kwa namna ya kufikika, mkono gani, mlango wa ngapi.

Usije kunitembelea mwezi huu. Una kazi. Na usimsumbue baba yako na goti lake.

Shangazi yako

Hapa chini ni mimi Dobi, maneno yangu. Ameniuliza mbona kalamu bado inakwaruza, nimemwambia natia anwani. Barua zako zote nimezisoma mimi, tangu ile ya kwanza. Ile aliyokujibu kwa mkono wake alikataa nimsaidie, akashinda nayo mchana kutwa. Mchoro wako niliukunjua mezani kwangu nikajaribu kumweleza, nikashindwa, nikamwambia kuna masanduku mengi na rangi. Aliupapasa kote kwa kiganja, akasema ni karatasi nzuri. Nimeutunza. Tarehe kumi na nane nitampeleka mimi. Usijibu haya, maana nitalazimika kumsomea.


9 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Huku kwema. Mama ameruhusu mlango uguswe. Baba anatembeza goti kama ulivyoagiza, linalia lakini linakwenda.

Naandika kwa ufupi. Kazi imewekwa kliniki ya macho juzi. Tulikwenda na Kobe, tukapanda ngazi wenyewe kufunga spika. Imetulia, haijazunguka. Ubao tumeuacha palepale kwa ajili ya wanaosindikiza. Foleni inazungumza na vyote viwili na haijui kama ni viwili.

Sauti ilitusumbua. Ile ya kununua ilikuwa inazitamka namba kama inatapika mawe. Tukaona tumtumie mtu wa hapahapa. Walimfungia stoo, katikati ya makatoni, wakamtundikia mablanketi pande zote ili mwangwi usiingie, akasoma namba mpaka sauti ikamkauka. Si mtu wa maana sana. Ila aliambiwa asiwe na haraka, na alijitahidi.

Mwambie jirani yako asikodolee macho ubao. Akae mahali atakapoona pazuri, hata ayafumbe macho kabisa. Ataitwa, na asipoinuka ataitwa tena, na tena. Namba yake haiwezi kupita bila yeye. Hilo nimeliandika mwenyewe na nimelijaribu kwa kila njia ninayoijua.

Na Dobi msalimie. Mwambie anwani zake zinafika vizuri.

Kidomo


14 Julai

Kidomo,

Hii naandika mwenyewe. Dobi amenikatia karatasi ngumu yenye matundu marefu, kila tundu mstari mmoja, naiweka juu ya karatasi nafuata tundu kwa kalamu. Herufi ni kubwa, kwa hiyo kurasa ni nyingi. Vumilia.

Siku ile tulikwenda asubuhi. Dobi alivaa shati alilolipiga pasi mara mbili. Wakanitia matone, kila kitu kikawa moshi, nikakaa. Nilikuwa naogopa, mwanangu. Sijawahi kuliandika neno hilo, acha nililiandike leo. Niliogopa kurudi nyumbani tena nikiwa nimepita.

Wakaanza kuita. Mwanzo sikusikiliza namba, nilisikiliza watu. Ule ukumbi mara ya kwanza ulikuwa na minong'ono tu, kila mmoja anamuuliza mwenzake, ni ngapi sasa, wewe unaona, ni ngapi. Safari hii watu walikuwa kimya, wameegemea viti. Mzee mmoja pembeni yangu alikuwa amelala kabisa, na walipomwita mara ya pili akaamka akaenda.

Halafu nikaisikia sauti yenyewe. Nilifikiri ni matone yamenipanda kichwani. Nikamshika Dobi mkono nikamuuliza kama naye anasikia. Akasema anasikia, ila hamjui mwenye sauti. Mimi namjua tangu akiwa na meno mawili. Sauti iliyoninyima usingizi kila likizo kwa maswali, hii ni nini, ile ni ya nini, kwa nini, ndiyo iliyosema, "Namba thelathini na moja. Chumba cha tatu, mkono wa kulia, mlango wa pili. Taratibu, tunakungoja."

Ilikuwa yangu. Sikuinuka. Nilitaka kuisikia tena, Kidomo. Nikakaa nikangoja, na ikaniita tena, vilevile, bila kuchoka. Ukumbi mzima ulinisubiri mimi nilie kidogo. Kisha nikainuka. Mkono wa kulia, mlango wa pili.

Jicho moja wameliokoa kwa kiasi. Naona dirisha, naona mtu kama ni mrefu au mfupi, naona rangi nikiisogelea. La pili limekwenda, na daktari hakunificha. Baba yako nimempigia mimi mwenyewe. Amenigombeza, amelia, amenigombeza tena, mpaka salio likamwishia. Ndiye aliyeniambia kwamba Kobe amekuachia meza.

Ulijua. Nilifahamu kwamba umejua uliposema akae hata ayafumbe macho. Na hukunisema. Nakushukuru kwa hilo kuliko yote.

Niliwahi kuwaambia watu darasani kwamba anayesema hajui nani anamsikia. Nililifundisha kama jambo la mashine. Siku ile nilikaa upande wa pili wa jambo hilo, upande wa anayesikia, na sikuwa nimewahi kufikiri huko kukoje.

Mchoro wako wa Februari upo, Dobi ameunyoosha kwa mvuke. Sijauona bado. Njoo, sasa unaweza kuja. Njoo ukae karibu yangu, unishike kidole, unipitishe juu yake mshale kwa mshale, hata ile mitatu inayozunguka.

Shangazi yako